Mkaja wa Shekuwe

Simu ya Rumaisa kutoka Kanada ilimkuta Mwanasiti ameinamia mguu wa mteja, koni ya hina mkononi, akimalizia ua la kifundoni. Saluni yao ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, mtaa wa Biashara katikati ya jiji, chumba kimoja chenye vioo viwili na feni iliyochoka. Wateja walimfuata huko kutoka Jamhuri, kutoka Loresho, kwa sababu mkono wake haukuwa na haraka wala mtetemeko. Siku hiyo ulitetemeka. Jani lilichepuka likapanda kwenye muundi, na mteja akauliza kama huo ni mtindo mpya.

"Ndio umeingia," alisema Mwanasiti, akaliongezea majani mengine mawili lisionekane pweke.

Alisubiri mteja atoke. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, simu ameikumbatia kifuani. Mercyline, msusi wa pale saluni na jirani yake wa mlango kwa mlango kule karibu na Dagoretti Corner, akamtazama kupitia kioo.

"Siti, nani amekufa?"

"Hakufa mtu. Nisreen anaolewa. Harusi itakuwa hapa hapa Nairobi, mwezi ujao. Wamekodi nyumba Loresho. Na mkaja, Rumaisa amesema ni wangu."

"Si huyo ni mtoto wa dadako wa Kanada? Sasa hiyo ni ya kulia, ama ni ya kununua viatu?"

Mwanasiti alijifuta macho kwa mgongo wa mkono ili asijipake hina. Maneno yaliyokuwa ndani yake miaka mingi yalitoka yenyewe, bila kuitwa.

"Si wa dada yangu. Ni wangu mimi."

Mercyline akaweka chanuo chini.

Mwanasiti na Rumaisa walizaliwa Chovai, katika visiwa vya Wabajuni upande wa Somalia, wakakimbia vita wakiwa wasichana wadogo, wakakulia kambini. Rumaisa, mkubwa, aliolewa huko, akaachika huko, akabaki huko na binti mmoja, Nisreen. Mwanasiti aliolewa na Twahir, mchuuzi wa mitandio, akamfuata Nairobi. Na kwa kutoka kambini akatoka pia katika hesabu ya watu waliokuwa wakingojea kupelekwa ng'ambo. Hakujali. Alikuwa na mume na chumba, na baadaye akawa na binti yake, Shekuwe, aliyezaliwa na kichwa kitupu kama yai, mpaka Twahir akawa anamtania kwamba amezaa mzee. Kisha Twahir akaugua ini, akafa, na chumba kikawa kikubwa.

Shekuwe alikuwa na miaka sita Rumaisa alipopangiwa siku ya kuhojiwa kwa safari ya Kanada, yeye na bintiye. Lakini siku ilipokaribia, Nisreen alishikwa na homa, akafa. Walimzika kimya kimya. Matanga hayakuwekwa, wala jirani hakuambiwa, kwa sababu mtoto alikuwa amekufa na jina lake bado lilikuwa safarini.

"Nafasi ya mtoto ipo, Siti," Rumaisa alimwambia kwa simu, na sauti yake ilikuwa kavu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. "Mtoto ndiye hayupo."

Mwanasiti alikunja nguo za Shekuwe, akapanda naye basi kwenda kaskazini.

Jina jipya mtoto alilishika upesi. Kuliitikia "Nisreen" ilikuwa mchezo kwake, kama kuvaa viatu vya mtu mkubwa. Lililokuwa gumu ni neno mama. Alijua kwamba sasa ni la Rumaisa, aliambiwa asubuhi na jioni, akakubali kwa kichwa, na baada ya kitambo akamgeukia Mwanasiti na kusema, "Mama, nina kiu." Wangehojiwa mmoja mmoja. Neno moja likiponyoka, wote wangebaki pale mchangani.

Ni Mwanasiti aliyebuni njia. Aliamua asiitike. Mtoto akisema mama, Rumaisa ndiye atakayegeuka; yeye atakuwa kiziwi. Alipika hasikii. Alifua hasikii. Alasiri moja mtoto aliteleza penye bomba la maji, ukingo wa bati ukamchana chini ya goti, akapiga kelele, "Mama!" Hakuwa akiita ovyo. Alikuwa akimtazama yeye, macho kwa macho. Mwanasiti alibaki na ndoo mkononi mpaka Rumaisa alipokuja mbio kutoka upande wa pili wa mahema, akamwinua.

Tangu siku hiyo mtoto hakukosea tena. Mbele ya waliomhoji hakukosea. Siku ya safari alimpungia mkono mama yake mdogo, kwa adabu, akageuka akaenda zake. Katika kazi zote alizowahi kuzifanya Mwanasiti kwa mikono yake, hiyo ndiyo iliyotoka safi kuliko zote, na hapakupita siku asitamani kwamba ingeharibika.

Mercyline alisikiliza yote hayo bila kukatiza, na hilo halikuwa kawaida yake.

"Na hiyo mkaja amesema ni yako, ni pesa?"

"Ni nguo. Mwanamke akizaa hufungwa nguo tumboni, tumbo lirudi mahali pake. Hiyo ndiyo mkaja. Binti akiolewa, watu wa mume humletea mama yake nguo, mbele ya kadamnasi, kumwambia kwamba tumbo lililombeba tunalijua. Siku hizi wengine hutia bahasha yakaisha. Sisi bado ni nguo."

"Sasa watu wakiona unapewa wewe, si siri itatoka?"

"Rumaisa atasema ananipisha mimi mdogo wake, kwa heshima. Hufanyika. Hakuna atakayeuliza. Na sikumwomba, Mercy. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema: mkaja ni wako."

"Basi achana na mambo ya kuitwa mama," alisema Mercyline. "Pewa hiyo kitu yako mbele ya watu. Hiyo imetosha."

Mwanasiti naye aliona imetosha. Mwezi mzima alitembea na neno hilo kama mtu aliyebeba maji katika viganja.

Walipofika, Rumaisa alikuwa amezeeka kwa namna ya watu wa baridi, ngozi imekauka, magoti yamekataa ngazi. Nisreen alikuwa mrefu, mchangamfu, akicheka na kila mtu. Alimbusu Mwanasiti mkono, akasema, "Shikamoo, Anti," akageukia masanduku.

Siku moja kabla ya harusi, alasiri, Mwanasiti alikwenda Loresho kumpaka hina bibi harusi. Rafiki zake Nisreen walikaa nao kwa muda, wakipiga picha, kisha harufu ya sambusa ikawaita nje, uani. Wakabaki wawili kwenye mito, mguu wa Nisreen juu ya paja la Mwanasiti.

"Anti, mkono wako una baridi."

"Ni ndimu hiyo. Tulia, usicheze."

"Naeem amesema jina lake mlifiche kwenye hina. Akilitafuta asilipate, atanipa chochote nitakachotaka."

"Basi nitalitia chini ya kisigino. Apige magoti kwanza."

Nisreen alicheka mpaka mguu ukaruka, na Mwanasiti akacheka naye, na kwa muda mfupi wakawa wanawake wawili wanaocheka. Kisha akapandisha dera la binti hadi gotini aanze mzabibu wa muundi, akaliona kovu. Lilikuwa limenyooka, jeupe, limekua pamoja na mguu.

"Pita juu yake tu," alisema Nisreen. "Chora ua."

"Ulianguka bombani." Maneno yalikwishatoka kabla hajayazuia.

"Najua nilipoanguka." Nisreen hakupandisha sauti. Alikuwa akitazama mikono yake, hina ikikauka. "Mama aliniosha kwa maji ya chumvi. Lakini kabla ya Mama nilikuita wewe, Anti. Uliniangalia. Halafu ukaangalia ndoo."

"Mwanangu..."

"Usiseme hivyo, tafadhali. Sina hasira, wallahi sina. Nilikuwa nazo zikaisha. Kule shuleni walinipeleka kwa mwanamke wa kuzungumza naye, kwa sababu nilivunjika mkono nisilie. Akaniuliza, umeacha kulia tangu lini? Nilijua ni lini. Ningemwambia vipi? Wangemrudisha Mama."

"Ilibidi, Nisreen. Hapa ungekuwa nani?"

"Najua ilibidi. Nasomea udaktari wa meno, nina pasi ya Kanada, naolewa na mtu ninayempenda. Yote hayo ni wewe." Akaipuliza hina ya kiganja kimoja. "Mama amenisihi nikuite, mara moja tu, tukiwa peke yetu. Nimejaribu kwenye ndege. Nimejaribu bafuni, mlango nimefunga. Halitoki, Anti. Nikilisogeza mdomoni naona mtu ameshika ndoo. Ulinifundisha vizuri sana."

Nje wasichana walikuwa wakigombania sambusa ya mwisho. Mwanasiti akashika koni, akachora ua juu ya kovu, tabaka juu ya tabaka, mpaka weupe wote ukafunikwa. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo lilimtisha.

Alipokuwa akikusanya vitu vyake aliona kwamba bado kuna kesho. Mkaja haukuhitaji kinywa cha mtoto. Ulihitaji tu Rumaisa asimame na kusema maneno machache.

Siku ya harusi wanaume walirudi kutoka msikitini na halwa na kelele, na nikaha ikawa imefungwa. Wanawake walijaa sebuleni. Mwanasiti alikuwa amevaa buibui jipya, ameketi nyuma tu ya dada yake, karibu kiasi cha kuweza kuugusa mgongo wake. Abdulrauf, ami yake Naeem, mzee mwenye duka la saa mjini, alisimama mlangoni uso ameuelekeza pembeni kwa adabu. Nyuma yake wanawake wa upande wa mume walibeba sinia lenye doti ya leso, asumini zimemwagwa juu yake.

"Enyi wa ndani!" aliita. "Tumesikia humu mna tumbo lililobeba lulu. Lijitokeze tulifunge!"

"Na hilo lako, ami, litafungwa na nani?" alijibu mmoja, kwa kuwa kitambi cha Abdulrauf kilikuwa kimefika mlangoni kabla yake, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Rumaisa alisimama. Waliweka leso mikononi mwake. Watu wakatulia.

"Nina jambo la kusema," alisema.

Mwanasiti alisogeza mguu mmoja mbele.

"Alizaliwa mvua ikinyesha," alisema Rumaisa. "Turubai lilikuwa linavuja, nikamkinga kwa mgongo wangu. Alitoka na nywele, tele, nyeusi, zinamfika masikioni. Mkunga akasema, huyu amekuja na mtandio wake kabisa. Na hakulala mpaka ashike sikio langu. Hivi. Ukimtoa mkono, analia."

Wanawake wakasema mashallah. Wengine walianza kutafuta leso zao za kufutia macho. Kwenye kiti cha bibi harusi Nisreen aliinamisha uso, na watu wakadhani ni haya.

Mwanasiti alikuwapo usiku ule wa mvua. Ndiye aliyeshika taa. Nywele zile alizichana yeye, mtoto akiwa na siku saba. Aliyekuwa akisimuliwa mbele ya maua na kamera hakuwa Shekuwe, aliyezaliwa na kichwa kitupu kama yai. Alikuwa yule mwingine, aliyelala kwenye mchanga wa kaskazini bila jiwe wala matanga, na ambaye mama yake hakupata kumtaja kwa wafu hata mara moja, maana kila siku alimwita mezani akiwa hai. Leo alikuwa akimwoza. Rumaisa aliikumbatia leso, akalia kilio ambacho hakikuwa cha harusi, akilitaja jina la Nisreen tena na tena. Wanawake wakakiona ni furaha, wakapiga vigelegele mpaka madirisha yakaitikia.

Hakutaja mdogo wake. Alikaa chini, leso kifuani.

Mwanasiti alirudisha mguu wake.

Baadaye Rumaisa alimkuta jikoni, kati ya masufuria ya biriani, akiosha vikombe ambavyo hakuna aliyemtuma kuviosha.

"Siti, nilitaka kusema. Wallahi nilisimama ili niseme. Nilipofungua kinywa akatoka yeye."

"Nimemsikia."

"Sijapata kumlilia. Ningemlilia wapi? Kwa nani?" Rumaisa alimnyooshea leso, asumini bado zimeng'ang'ania kwenye pindo zake. "Chukua. Ni yako, nilikuahidi."

Mwanasiti aliitazama. Ilikuwa leso nzuri, nyekundu yenye nyeusi, nzito. Alifikiri jinsi angeweza kuipokea, na kwamba dada yake angepumua, na kwamba pangekuwa na kitu cha kurudi nacho nyumbani.

"Ukinipa humu jikoni ni leso tu, dada," alisema. "Kaa nayo. Wewe nawe ulifungwa tumbo."

Wakasimama hivyo, maji yakitiririka kwenye beseni, mpaka mtu alipomwita mama wa bibi harusi aje apigwe picha, na Rumaisa akaenda.

Mwanasiti aliaga jioni ikiwa bado na mwanga. Nisreen alimbusu mkono tena, kwa uangalifu, asimchafue kwa mafuta ya karafuu aliyopaka kwenye hina, na kumwambia kila mtu ameisifu kazi. Penye lango Abdulrauf alimwita, anatweta, mkononi ana mfuko wa duka.

"Wewe ndiye fundi wa hina? Usiende mikono mitupu, mama. Upande wetu hatumwachi fundi hivihivi. Kazi yako imempendeza kijana wetu, ingawa jina lake hajaliona mpaka sasa!"

Akacheka. Ndani ya mfuko mlikuwa na leso, ya kijani, ya bei ya kawaida. Kuikataa kungeleta maswali. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akawaombea maharusi kheri.

Mercyline alikuwa mlangoni kwake akichambua mboga alipomwona anaingia kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga. Hakungoja salamu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mfuko.

"Ndio hiyo? Siti, ndio hiyo walikupatia?"

Alikuwa amechoka. Alitaka kufungua mlango, akae, avue viatu. Angemweleza vipi Mercyline juu ya nywele za mtoto aliyekufa, juu ya mguu ulioenda mbele ukarudi?

"Ndiyo," alisema.

Mercyline alitupa kisu, akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa watu vyumbani. Alikikunjua kitambaa cha kijani mbele yao, akakiinua juu, akawatangazia kwamba huyu mnayemwita Siti ana mtoto, ni mtoto amesoma, ameolewa leo Loresho, anaitwa Nisreen! Wanawake wa ploti walikuja mmoja mmoja kumshika mkono. Wakamlaumu kwa kuwaficha. Mmoja akamletea soda. Mwanasiti aliketi kwenye kigoda katikati yao, akashukuru, akajibu kwamba ndiyo, ni mrefu, ndiyo, meno, atakuwa daktari wa meno.

Nisreen na mumewe waliondoka juma lililofuata, na Rumaisa pamoja nao. Mkono wa Mwanasiti umerudi kuwa ule ule, na wateja wanasema hina yake siku hizi imezidi. Rumaisa hupiga simu Ijumaa. Huzungumza juu ya baridi.

Pale ploti hakuna anayemwita Siti tena. Penye foleni ya maji, dukani, kwenye kamba za nguo, wanamwita Mama Nisreen, jina la mtoto ambaye hakumzaa yeye na ambaye hayuko duniani. Shekuwe hawajapata kumsikia. Wakiita, hata kama yuko ndani, hata kama ana kazi mkononi, huitika mara ya kwanza.